Umeniletea Nini? Mwanafunzi, Msimamizi na Tasnifu ya Shahada ya Kwanza



Nimeombwa nizungumzie namna mwanafunzi wa sayansi ya jamii anavyoweza kukamilisha tasnifu ya shahada ya kwanza kwa kuongozwa na msimamizi. Wengine mmekuja na kalamu mkitarajia orodha: sura ya kwanza iwe na hiki, ya pili iwe na kile. Orodha hiyo mnayo tayari. Kila idara ina mwongozo wake, nao umesema yote hadi ukubwa wa herufi na rangi ya jalada. Usichosema ni yale yanayotokea kati ya watu wawili ndani ya ofisi ya msimamizi mlango ukishafungwa. Mimi nadai kwamba tasnifu nyingi hukwamia humo, tena mapema, kabla mwanafunzi hajatia mguu fildi. Hukwama kwa sababu swali ni pana mno, na mezani hakuna karatasi ya kumwezesha msimamizi kulibana.

Mwanafunzi nitakayemtumia kama mfano ni wa kubuni, ingawa wasimamizi waliomo humu watamtambua. Anabisha hodi, anaingia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Umeniletea nini?"

"Nimekuja kukueleza tu mada yangu, mwalimu. Nataka kuandika kuhusu mchango wa vikoba katika kumkwamua mwanamke kiuchumi Tanzania."

"Mwanamke yupi?"

"Mwanamke wa Tanzania kwa ujumla."

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake. Msimamizi akitaka kuwa mkatili atamtajia hesabu hiyo. Akiwa mwema atamwambia: nenda kaniandikie ukurasa mmoja, unieleze ni jambo gani kuhusu vikoba ambalo hulielewi. Hapo ndipo usimamizi unapoanza. Maongezi ya mdomo hayamfungi mtu. Mwanafunzi hutoka ofisini akidhani wameelewana, msimamizi hubaki akidhani amemwelekeza, na baada ya mwezi kila mmoja anamkumbuka mwenzake kwa maneno tofauti. Ukurasa mmoja, hata ukiwa mbovu, unaweza kupigiwa mstari.

Tuseme huyu wetu ameuandika. Ameeleza kwamba mama yake mdogo anapika chakula katika soko la Mabibo, hapa Dar es Salaam, na yumo katika vikoba vitatu, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, kwa wakati mmoja; kuna wiki anakopa huku ili alipe kule. Katikati ya ukurasa, ndani ya mabano, ameongeza kwamba haelewi kwa nini asijitoe kimoja. Msimamizi anayejua kazi yake atayaruka yale maneno ya ukwamuaji na maendeleo endelevu, ataweka kalamu kwenye mabano na kusema: hili ndilo swali lako. Mama lishe mwenye madeni katika vikundi kadhaa anaamuaje deni lipi litangulie?

Tazameni kilichobadilika. Mada imetoka katika nchi nzima ikaingia sokoni, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kufika kwa nauli ya daladala. Kitendo cha kuchunguza kipo, yaani kuamua deni la kulipa, na kinaonekana kila wiki. Jibu nalo halijulikani kabla ya kwenda. Swali lile la kwanza lilikuwa na jibu tangu mwanzo, maana hakuna aliyewahi kwenda fildi kutafuta mchango wa kitu akarudi kusema hakina mchango.

Kutoka hapo hata mapitio ya machapisho yanapata kazi. Sura ya pili katika tasnifu zetu kwa kawaida ni gwaride la majina: fulani alisema hivi, fulani akasema vile, kila mmoja anapita mbele ya jukwaa na kutokomea. Mwenye swali lililobana husoma akitafuta msaada. Atakuta kwamba Clifford Geertz aliandika mwaka 1962 kuhusu vyama vya kupeana fedha kwa zamu, akiviona kama ngazi ya kati kuelekea uchumi wa kisasa, na kwamba Shirley Ardener alilirudia suala hilo mwaka 1964 akilinganisha vyama hivyo katika jamii nyingi. Atajiuliza: kikoba ni upatu? Sivyo. Katika upatu au mchezo, fedha inayokusanywa anaondoka nayo mtu mmoja siku ileile. Katika kikoba watu hununua hisa, fedha inalala sandukuni, wanakopeshana kwa riba, na mwisho wa mzunguko kikoba kinavunjwa na kila mtu anachukua chake pamoja na faida. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hii vilipata sura yake nchini Niger mwaka 1991, kwa mradi wa shirika la CARE, kisha vikasambaa Afrika. Kwetu vimekuwa vingi kiasi kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka katika daraja la nne la watoa huduma na kuvitaka visajiliwe. Mwanafunzi aliyefika hapa ameshapata hoja: Geertz aliona ngazi ya kupandia, ilhali mama yake mdogo anazunguka palepale. Kwa nini?

Nadharia inaingia kwa mlango huohuo. C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu fikra za kisosholojia, alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma: mtu mmoja asiye na kazi katika jiji zima ana shida yake, lakini mamilioni wakikosa kazi, tabia ya mtu mmoja mmoja haitoshi kueleza. Deni la mama mmoja ni la kwake. Safu nzima ya vibanda ikizungusha deni lilelile hatuwezi tena kusema ni uzembe wa mtu. Kumfikisha mwanafunzi kwenye wazo hilo kwaweza kuchukua dakika kumi za msimamizi. Kumwambia tu "weka nadharia" kunazaa kurasa tatu zilizonakiliwa ambazo hazitajwi tena hadi mwisho wa kazi.

Sasa niingie kwenye jambo linalonikera, nalo ni sampuli. Wanafunzi wetu wameipenda mno fomyula ya Taro Yamane ya mwaka 1967. Unachukua idadi ya watu wote, unaigawanya kwa moja kujumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kiwango cha makosa unachokubali. Kata ikiwa na watu 10,000 na kosa likiwa asilimia 5, jibu ni 385. Mwanafunzi anaitazama 385, anakumbuka kwamba yuko peke yake na ana wiki mbili. Anarudi kwenye fomyula, anabadilisha kosa kuwa asilimia 10, na kwa watu walewale anapata 99. Basi tasnifu inatoka na wahojiwa 99, na sura ya tatu inatangaza kwamba sampuli ilipatikana kisayansi.

Hesabu ni sahihi. Kosa liko kwenye matumizi. Fomyula ile inadhani una orodha ya watu wote na kwamba kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mtafiti aliyesimama sokoni saa tano asubuhi akamhoji kila asiye na mteja hana orodha wala bahati nasibu. Ana watu aliowakuta. Hakuna aibu katika hilo ukilisema. Kwa swali letu la madeni, akina mama kumi na wawili watakaokubali kukaa naye zaidi ya mara moja wana thamani zaidi kuliko 99 waliojaza hojaji wakikoroga ugali. Msimamizi anayeiona fomyula mahali pasipofaa na kuipitisha kwa kuwa "ndivyo wanavyoandika wote" amemwachia mtahini wa nje kazi yake.

Hojaji nayo isomwe na msimamizi swali kwa swali, kwa sauti ikibidi. "Je, kikoba kimekusaidia? Ndiyo/Hapana." Karibu kila mtu atasema ndiyo. Mgeni ameshika karatasi yenye nembo ya chuo, pengine kuna msaada unakuja, na isitoshe ni utovu wa adabu kumwambia mtoto wa watu kwamba jambo lake halina maana. Badala yake muulize mtu kuhusu tukio: mara ya mwisho ulipokopa, ile fedha ilifanya nini? Nani alijua? Ulirejesha kwa fedha iliyotoka wapi? Hapo mtu hatoi maoni tena, anasimulia, na masimulizi yana majina, siku na kiasi. Jaribuni maswali yenu kwa watu watatu kabla ya kwenda kudurufu nakala mia steshenari.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha wa mtaa, na kila meza ina mhuri wake na siku yake ya semina. Anzeni kuifuatilia wiki ileile pendekezo la utafiti linapopita. Msimamizi hawezi kuwapigia simu maofisa wote hao.

Ridhaa ya mhojiwa inahitaji akili zaidi. Fomu inataka saini. Lakini siku hizi mama lishe akiona kijana amekuja na karatasi ya kutia saini, mawazo yanamwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza, ambao nao huja na tabasamu na fomu. Amekataa? Ana sababu. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake ataghushi saini au atampoteza mhojiwa. Aliyezungumza na msimamizi wake mapema ataomba utaratibu wa ridhaa ya mdomo, yenye maneno yaliyokubaliwa na tarehe kwenye daftari. Na ajue kwamba tangu 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Simu iliyojaa sauti za watu wakitaja madeni yao si kitu cha kumwazima rafiki.

Niwapeleke kidogo kwenye kikao chenyewe cha kikoba, maana tasnifu hujengwa na vitu vya namna hii. Sanduku la bati liko katikati, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Aliyechelewa analipa faini kabla hajakaa. Hisa zinanunuliwa kwa zamu, majina yanaitwa kwa sauti, mfuko wa jamii unachangiwa kando. Mtafiti makini ataona kwamba mmoja wa wanachama anatoka nje na simu mara tu baada ya kupewa mkopo, na baada ya dakika chache aliyeketi kiti cha pili anapokea ujumbe wa muamala na kutabasamu. Hakuna hojaji ingemwonyesha hilo. Ataliandika jioni ileile, kabla ya kulala, na wiki ijayo atamuuliza mhusika kwa upole. Akisubiri hadi arudi chuoni, kitakachobaki ni "kikao kilikwenda vizuri".

Ndiyo maana nasisitiza kuandika mapema na kupeleka mapema. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa yaweza kula saa nne hadi sita za kuinukuu. Watu wamezungumza nawe Kiswahili, na katika vyuo vyetu vingi tasnifu yenyewe inaandikwa Kiingereza. Tunza maneno yao ya Kiswahili kama yalivyo katika faili lake, umwonyeshe msimamizi yote mawili. Mpelekee mahojiano mawili ya kwanza kabla hujafanya kumi yaliyobaki. Akiona unamkatiza mhojiwa kila anapoanza kunoga, atakuambia ungali na muda wa kujirekebisha.

Sura ya nne ina ugonjwa wake. Nafungua tasnifu kuhusu wanawake wa kikoba, nakuta Jedwali 4.1: Jinsia ya Wahojiwa. Wanawake, asilimia 100. Chini yake aya inaeleza kwamba, kama jedwali linavyoonyesha, wahojiwa wote walikuwa wanawake. Msicheke sana, kuna wasimamizi humu waliopitisha jedwali hilo. Limo kwa sababu tasnifu ya mwaka jana ilikuwa nalo. Sura ya matokeo inatakiwa ijibu swali, na kila jedwali lisilosaidia jibu litolewe, hata kama limegharimu usiku mzima kwenye programu ya takwimu.

Wahadhiri wenzangu, hadi sasa nimewasema wanafunzi zaidi. Niwageukie ninyi kwa kisa cha chuo kilichoko jijini humu.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kukusanya kumbukumbu za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee waliovishuhudia walikuwa bado hai, ingawa wachache. Wanafunzi wale waliijua lugha na njia za kwao kuliko profesa yeyote mgeni. Waliongozwa na walimu kama Gilbert Gwassa na John Iliffe, wakaandika ripoti zao, nazo zikakusanywa na idara mwaka 1969. Huu ni utafiti wa wanafunzi wa umri wa hawa tunaowasimamia, na hadi leo mtu haandiki historia ya Maji Maji bila kuupitia. Wazee wote waliohojiwa wameshafariki. Wasingehojiwa mwaka ule, sehemu kubwa ya waliyoyajua isingekuwapo popote.

Kisa hicho kina upande wa pili. Nchi ilikuwa changa, na historia ilitakiwa ionyeshe kwamba makabila yaliwahi kuungana dhidi ya mkoloni kabla ya TANU. Swali hilo walikuwa nalo walimu, na lilisafiri mkobani mwa wanafunzi. Wanahistoria waliokuja baadaye, wakiwamo waandishi wa kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wamelihoji simulizi la umoja: wakataka kujua zaidi kuhusu magomvi ya ndani, waliokataa kupigana, wanawake, njaa. Na ripoti za wanafunzi wale zimeweza kusomwa upya kwa maswali hayo kwa sababu waliandika walichoambiwa na wazee, hata pale ambapo hakikufuata mkondo wa somo.

Nguvu ya msimamizi iko hapo, na hatari yake pia. Kulibana swali ni wajibu wake. Kulibana jibu si haki yake. Nimesoma maoni ya pembeni yanayosema "hii si kweli" kando ya maneno ya mhojiwa. Si kweli kwa nani? Mama wa Mabibo akisema anakilipa kwanza kikoba chenye mwenyekiti mkali, wakati nadharia inasema angekilipa chenye riba kubwa, nadharia ndiyo itafute pa kusimama. Mwanafunzi naye asikubali kila kitu kwa "sawa mwalimu". Awe na daftari la maoni: mwalimu alisema nini, nimefanya nini, wapi sikukubaliana na kwa sababu gani. Kumpinga msimamizi kwa adabu na kwa ushahidi si utovu wa nidhamu. Wengi wetu hufurahi kimoyomoyo.

Lakini adabu hiyo ina upande wa pili vilevile. Msimamizi mwenye wanafunzi ishirini na mizigo ya kufundisha ana udhuru wa kuchelewa, ila hana udhuru wa kukaa kimya. Rasimu ikikaa wiki sita bila jibu, mwanafunzi ataitafuta njia ya pembeni, nazo zipo: kuna vijana wa kukodi wanaomwandikia mtu tasnifu nzima kwa malipo, na sasa kuna programu za akili mnemba zinazotoa sura ya pili safi kabisa, wakati mwingine ikiwa na vitabu visivyowahi kuchapishwa. Vyuo vinanunua programu za kunasa wizi wa maandishi. Nami naona msimamizi aliyesoma rasimu tatu za mwanafunzi wake hatahitaji mashine kumwambia kwamba ya nne imeandikwa na mtu mwingine. Sauti anaijua.

Nimalizie kwa ombi, na nalielekeza kwa wakuu wa idara waliopo. Ripoti za 1968 zinasomwa kwa sababu mtu alizikusanya, akazichapa na kuzitunza. Tasnifu za shahada ya kwanza za miaka hii nyingi huishia kwenye makabati ya ofisi, na kabati likijaa huondolewa. Ndani yake mna masoko, vijiji na vikundi ambavyo hakuna mtafiti mkubwa aliyevifikia. Naomba kila idara iweke nakala laini ya tasnifu zilizofaulu katika maktaba ya chuo, majina ya wahojiwa yakiwa yamefichwa, na iziorodheshe kwa mahali na mada. Na kila mwanafunzi aandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, aurudishe kwa mtendaji wa mtaa na kwa watu waliompa muda wao. Bajeti ya karatasi mbili tunayo.